Kosa Ambalo Halikuwepo: PSAT ya 2002 na Sarufi ya Vitabu vya Mwongozo

Oktoba 2002, wanafunzi wa sekondari nchini Marekani walifanya PSAT, mtihani wa maandalizi ya SAT (mtihani wa kuingia chuo kikuu) ambao pia huchuja wanaowania udhamini wa National Merit. Swali moja liliwataka watambue kosa katika sentensi kuhusu mwandishi Toni Morrison, iliyoanza hivi: "Toni Morrison's genius enables her to create novels…" Jibu la watungaji lilikuwa kwamba kosa halipo.

Mwalimu mmoja wa uandishi wa habari wa Maryland alipinga. Kwa maoni yake, kiwakilishi "her" hakina cha kurejelea, kwani Morrison ametajwa kama mmiliki wa kipaji tu. Alishikilia hoja hiyo hadi College Board, shirika linalomiliki mtihani huo, mwaka 2003, ikalifuta swali na kusahihisha upya alama. Makala haya yanadai kwamba lililofutwa ni swali sahihi.

Ni kweli kanuni anayoitegemea mwalimu huyo, kwamba kiwakilishi kisirejelee nomino iliyo katika umilikishi, imo katika baadhi ya vitabu vya mwongozo wa uandishi. Wanaisimu Geoffrey Pullum na Arnold Zwicky waliikataa waziwazi, na data iko upande wao. Tazama "Mary's father loves her." Kanuni ikishikwa barabara, hata sentensi hii ni kosa, ingawa wazungumzaji wa Kiingereza huitamka bila kusita. Watetezi wa kanuni hiyo huleta mfano wa "John's father says he is tired", ambapo haijulikani aliyechoka ni baba au mwana. Utata huo upo, lakini hausababishwi na umilikishi: "John told Peter he was tired" haina mmiliki yeyote, na bado msomaji anabaki njia panda. Katika sentensi ya Morrison mwanamke ni mmoja tu, na kipaji hakiwezi kuitwa "her". Kilichogeuzwa sheria ya sarufi ni ushauri wa kuepuka utata, tena mahali ambapo utata haupo.

Wapo wanaosema haki ilidai swali lifutwe. Wakati huo jibu lisilo sahihi lilikatwa robo alama, hivyo aliyefundishwa kanuni hiyo darasani aliadhibiwa kwa kumtii mwalimu wake. Hoja hii ina uzito, na pengine inatosha kutetea alama za mtoto huyo. Haitoshi kuigeuza sentensi safi kuwa mbovu.

Mwaka 2016 SAT iliachana na sentensi moja moja zisizo na muktadha, maswali ya sarufi yakahamia ndani ya vifungu. Hatua hiyo ilifaa, maana muktadha huonyesha kiwakilishi kinamrejelea nani. Hata hivyo, kifungu hakiiponyi kanuni isiyo na msingi. Kabla ya kumpima mtahiniwa, watungaji wanapaswa kuipima kanuni yenyewe kwa matumizi ya waandishi stadi, Morrison akiwa mmoja wao, na kuitupa pale waandishi hao wanapoivunja kila siku bila msomaji kukwama.