Lesithini ya Soya: Kutoka Mashapo ya Mafuta hadi Kiungo cha Viwandani

Katika orodha ya viambato iliyochapishwa kwenye karatasi ya chokoleti, pakiti ya biskuti au kopo la maziwa ya unga, mara nyingi hutajwa lesithini ya soya, au alama E322. Kiasi chake ni kidogo mno, lakini bila kitu cha aina hiyo maji na mafuta hujitenga.

Mkemia Mfaransa Théodore Gobley ndiye aliyeitenga lesithini mwaka 1845 kutoka kwenye kiini cha yai, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo hiyo. Mayai, hata hivyo, ni ghali kwa mahitaji ya viwanda. Soya ilileta nafuu kupitia kitu kilichodharauliwa: mafuta yake ghafi yakihifadhiwa, hutuama mashapo yenye kunata. Katika miaka ya 1920, viwanda vya Ujerumani vilianza kuyageuza mashapo hayo kuwa bidhaa. Mafuta yaliyopashwa moto hutiwa maji kidogo. Fosfolipidi zilizomo hufyonza maji na kuvimba, kisha hutenganishwa kwa mashine inayozunguka kwa kasi na kukaushwa. Kinachobaki ni uji mzito wa rangi ya kahawia.

Faida yake huonekana zaidi katika chokoleti. Lesithini isiyozidi nusu asilimia huzizingira chembe za sukari na kuifanya chokoleti iliyoyeyushwa itiririke, hivyo kiwanda hupunguza siagi ya kakao, ambayo ni ghali zaidi. Ikizidishwa, chokoleti huanza kuwa nzito tena. Katika majarini huzuia mafuta yasiruke kikaangoni. Katika maziwa ya unga huharakisha kulowana. Hutumika pia katika rangi za kupaka, vyakula vya mifugo na dawa.

Jambo linalohitaji uangalifu ni mzio. Lesithini ya soya huweza kubaki na protini kidogo ya soya. Wengi wenye mzio huo huivumilia, ila si wote. Ndiyo maana sheria za Marekani na Umoja wa Ulaya hutaka neno soya litajwe kwenye lebo. Alama E322 peke yake haitoshi, kwa kuwa hutumika pia kwa lesithini ya alizeti na ya mayai. Mwenye mzio hana budi kutafuta jina la mmea au chakula kilikotoka kiungo hicho, na asipoliona, amuulize mtengenezaji kabla ya kula.