Kutoka Mchezo wa Gofu hadi Okestra: Gametrak katika Historia ya Muziki wa Kompyuta

Itifaki ya MIDI ilipoanza kutumika mwaka 1983, tendo la mkono la mwanamuziki lilipata njia ya pamoja ya kuifikia kompyuta: ujumbe wenye thamani kati ya 0 na 127. Mwaka uliofuata, Michel Waisvisz alianza kutumia The Hands, ala ya kuvaliwa mikononi iliyoundwa katika kituo cha STEIM jijini Amsterdam. Ala hiyo ilithibitisha kwamba mwendo wa mikono unaweza kuongoza muziki wa kielektroniki. Hata hivyo, iliundwa kwa ajili ya mtu mmoja, na kwa ufundi ambao wanamuziki wengi hawakuwa nao.

Insha hii inadai kwamba pengo hilo lilizibwa kwa kiasi kikubwa na watengenezaji wa michezo ya video, nao hawakukusudia hivyo. Mfano bayana ni Gametrak, kidhibiti kilichoingia sokoni mwaka 2004 kwa ajili ya PlayStation 2. Kifaa hiki kina kitako cha kuwekwa sakafuni, chenye nyuzi mbili zinazovutika na kujirudisha, kila moja ikiunganishwa na glovu. Kila uzi hupimwa mielekeo miwili pamoja na urefu wake. Hivyo mikono miwili hutoa vipimo sita kwa wakati mmoja. Mchezaji wa Real World Golf alivitumia vipimo hivyo kupiga mpira wa kwenye skrini.

Okestra za kompyuta mpakato ziliviona kwa jicho jingine. Okestra ya Princeton ilianzishwa mwaka 2005 na Dan Trueman na Perry Cook, na ile ya Stanford mwaka 2008 chini ya Ge Wang. Kila mwanamuziki alihitaji kidhibiti chake, kwa hiyo kifaa kilichozalishwa kwa wingi kiwandani kilifaa kuliko ala ya kuundwa moja moja. Aidha, lugha ya programu ya ChucK iliweza kusoma vipimo vyake.

Gametrak, tofauti na zeze au nzumari, haina sauti yake yenyewe. Kuinua mkono kunaweza kukuza sauti katika utunzi mmoja na kubadili mdundo katika mwingine. Uamuzi huo umo katika programu inayohusisha kipimo na sauti. Kwa hiyo kidhibiti ni nusu tu ya ala.

Hoja hii ina uzito kwa sababu utengenezaji wa Gametrak ulikwisha kukoma, ilhali tungo zilizoandikwa kwa ajili yake zimebaki. Nyuzi zikikatika, hakuna kiwanda cha kuagiza kingine. Kuhifadhi rekodi ya sauti pekee hakutoshi. Panapohifadhiwa programu ya uhusishaji pamoja na maelezo ya kila kipimo, kifaa kingine kinaweza kushika nafasi yake. Visipohifadhiwa, utunzi utasikika lakini hautapigwa tena.