Goti la Mtoto Baada ya Plasta

Hapa Longonot watoto huanguka juu ya miti, juu ya punda wa maji, siku hizi hata kwenye pikipiki. Plasta ya goti ikishatolewa, wengi wenu huniambia, "Sista, nimemlaza asijiumize tena." Huruma hiyo hata madaktari wakubwa waliwahi kuwa nayo.

Ndani ya goti kuna gegedu, ule mfupa laini mweupe unaoutafuna mwishoni mwa paja la kuku. Hauna mishipa ya damu. Mwaka 1743 William Hunter aliwaeleza wataalamu wa London kwamba gegedu ikiharibika hairudi. Karne iliyofuata, Hugh Owen Thomas wa Liverpool alifundisha kwamba kiungo kigonjwa kipumzishwe kabisa, tena kwa muda mrefu.

Aliyepinga ni Robert Salter, daktari wa mifupa ya watoto huko Toronto, Kanada. Kuanzia 1970 alitoboa gegedu za magoti ya sungura. Wengine aliwafunga mguu, wengine akawaacha watembee kizimbani wapendavyo, na wengine mashine iliwakunja na kuwakunjua goti polepole mchana na usiku. Alichapisha matokeo 1980. Kwa sungura waliokuwa bado wanakua, baada ya wiki 3 gegedu nzuri ilikuwa imeota katika matundu 8 kwa kila 100 ya waliofungwa, 9 ya walioachwa, na 52 ya wale wa mashine.

Waangalie hao wa kizimbani, mama. Kumwachilia mtoto akimbie nako si dawa. Gegedu hulishwa na ute wa goti, kama sponji: ikibanwa na kuachiliwa, hunywa. Ikilemewa na uzito mzima ingali changa, hupondeka.

Sungura si mtoto, na mashine hatuna nyumbani. Lakini kiti kirefu kipo. Daktari akisharuhusu, mkalishe miguu ikining'inia, akunje na kunyoosha goti mara kadhaa kwa siku jinsi alivyoonyeshwa. Kisha magongo, mguu ukigusa tu chini. Uzito huongezwa kidogo kidogo, na anayepima hatua hizo ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Msikose kliniki yake kwa sababu mtoto alilia juzi. Kijabe, ng'ambo ya mlima wetu, ipo hospitali ya mifupa ya watoto ya CURE tangu 1998.

Goti likivimba au likiwa moto siku inayofuata, simamisha mazoezi umrudishe aonwe.