Kupima changarawe: historia ya kutafuta almasi Usukuma

Changarawe yenye almasi hubeba almasi chache mno. Mtu anaweza kuchimba shimo la kimo chake, akaosha kila konzi ya mchanga uliotoka humo asione hata punje moja, na bado akawa amesimama juu ya mali. Katika mgodi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, Usukuma, nchini Tanzania, tani 100 za mwamba zimekuwa zikitoa karati tano hadi saba hivi katika miaka ya karibuni. Karati moja ni gramu 0.2. Mzigo wa malori kumi ya tani kumi kumi, basi, una gramu moja na ushei ya almasi. Waliotafuta almasi Usukuma walianza kwa jembe na chekeche, baadaye wakaleta mashine za kuchoronga, na kila mara walilazimika kuosha changarawe nyingi kuliko walivyokusudia.

Mashine ya kuchoronga si ngeni kwa mkazi wa Nairobi. Dagoretti Corner, Ngong Road inapokutana na Naivasha Road, na katika mitaa yote ya magharibi hadi Karen, lori lenye mnara wa chuma huingia kiwanjani, likanguruma siku kadhaa, kisha likaondoka na kuacha bomba la kisima. Kazi yake ni kupenya matabaka ya mawe ya volkano: tufu ya Bonde la Kerichwa, trakaiti ya Nairobi, na chini zaidi matabaka ya Athi, ambako ndiko maji mengi yaliko. Maji yameenea ndani ya tabaka, kwa hiyo tundu moja jembamba humweleza mwenye kiwanja karibu yote anayotaka kujua: yapo au hayapo, yako kina gani, yanatoka kwa kasi gani. Tundu la namna hiyo hiyo likitobolewa kwenye changarawe ya almasi haliwezi kusema hata kama almasi zipo. Tofauti hiyo ndiyo iliyoumba ufundi mzima wa kutafuta mawe haya.

Ardhi ya Nairobi yenyewe haitarajiwi kuwa na almasi, na sababu yake inaeleweka vizuri. Almasi huumbika kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, mahali penye mgandamizo mkubwa na joto la wastani, na hali hiyo hupatikana chini ya mabara ya kale sana yenye mizizi minene na baridi. Mabara hayo huitwa kratoni. Mwaka 1966 mwanajiolojia T. N. Clifford alieleza kwamba kimbalaiti, yaani miamba inayobeba almasi, zenye almasi ya kuchimbika hukutwa juu ya kratoni za kale, wala si kwenye mikanda ya milima iliyojikunja baadaye. Kratoni ya Tanzania, ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, inashika Usukuma na kugusa magharibi mwa Kenya upande wa Nyanza. Nairobi iko nje yake: chini ya mawe ya volkano ya Dagoretti kuna miamba ya Mkanda wa Msumbiji.

Kwa karne nyingi karibu almasi zote za dunia zilitoka kwenye changarawe za mito, kwanza India, kisha Brazili tangu karne ya 18. Katika Afrika Kusini jiwe la kwanza lililotambuliwa liliokotwa karibu na Hopetown, kandokando ya Mto Orange, mwaka 1867 au muda mfupi kabla. Wachimbaji wakamiminika Mto Vaal. Mnamo 1870 na 1871 ndipo ilipobainika kwamba almasi zilikuwapo pia mbali na mto wowote, kwenye udongo wa manjano uliofunika mwamba wa buluu, mahali palipokuja kuitwa Kimberley. Mwamba huo ukapewa jina la kimbalaiti, na fundisho lake likabaki: almasi ya mtoni ina nyumbani kwake, na anayeifuata changarawe kuelekea inakotoka huenda akafika huko. Fundisho hilo halikufaa kila mahali. Mwaka 1908 mfanyakazi wa reli Zacharias Lewala aliokota almasi kwenye mchanga wa jangwa karibu na Lüderitz, Namibia. Almasi za jangwa hilo zilikuwa zimesafirishwa na mto hadi baharini, mawimbi na upepo vikazirudisha nchi kavu, mamia ya kilomita kutoka zilikoanzia. Lewala aliikabidhi almasi ile kwa msimamizi wake August Stauch, aliyetajirika. Yeye mwenyewe hakupata kitu.

Tanganyika, uchimbaji wa almasi ulianza katika miaka ya 1920 huko Mabuki, kusini mwa Mwanza, kwa kiasi kidogo. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika mwaka 1928, ilipita katikati ya nchi hiyo na kurahisisha kusafirisha mashine na vyakula. Katika miaka ya 1930 alifika Mabuki mwanajiolojia wa Kanada, John Thoburn Williamson, aliyezaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha McGill. Kabla ya hapo alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini. Kampuni iliyomwajiri Tanganyika ilipopoteza matumaini, yeye alibaki akatafuta kwa gharama yake mwenyewe, akiugua malaria na kuishiwa fedha mara kwa mara. Aliyemwokoa alikuwa wakili wa Mwanza, Iqbal Chand Chopra, aliyemsaidia kwa fedha na ushauri wa sheria na baadaye akawa mshirika katika kampuni. Machi 1940 Williamson aliipata Mwadui. Hadithi inayopendwa zaidi husema jiwe la kwanza lilionekana chini ya mbuyu. Mbuyu huo umefunika jambo la maana zaidi: miaka ya mashimo ambayo Wasukuma walichimba kwa mikono, wakachekecha na kuosha, na ambayo mengi hayakutoa kitu.

Nchi yenyewe haikuwasaidia. Usukuma ni tambarare yenye vilima vya mawe ya matale, na kati ya vilima kuna mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka kiangazi. Changarawe hulala chini ya udongo huo, haionekani kwa macho. Chokaa iliyoachwa na maji yanapokauka imegandisha baadhi yake ikawa ngumu kama zege. Mtafutaji hufuata vidokezo: madini mazito yanayopatikana pamoja na almasi ndani ya kimbalaiti lakini kwa wingi zaidi, hasa garneti nyekundu ya zambarau na ilmenaiti nyeusi inayong'aa. Punje hizi huonekana kwenye karai baada ya maji kuondoa mchanga mwepesi. Zikiwa zimechakaa na kuviringika, zimesafiri mbali. Zikiwa bado na ngozi yake ya awali, chimbuko liko karibu. Mchwa nao wana mchango wao: huchimbua punje kutoka kina kirefu na kuzileta juu kwenye vichuguu, na watafutaji wa Botswana waliogundua Orapa mwaka 1967 walikuwa wakitegemea madini ya aina hii yaliyosambaa kwenye mchanga wa Kalahari.

Vidokezo vikishaonyesha eneo, kazi hugawanyika mara mbili, na hapa ndipo mashine ya kuchoronga na sampuli kubwa zinapoachana.

Uchorongaji hujibu maswali ya umbo. Udongo wa juu una unene gani? Changarawe inaanzia wapi na kuishia wapi? Mwamba wa chini ni sawa au una mashimo na vizingiti? Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu almasi, yenye msongamano wa 3.52 dhidi ya 2.65 wa mchanga wa kawaida, huzama na kunasa kwenye nyufa, nyuma ya vizingiti na ndani ya mashimo yaliyotobolewa na maji. Kwenye changarawe za mito kifaa kilichotumika kwa muda mrefu ni keekee ya Banka, iliyopewa jina la kisiwa cha Bangka, Indonesia, ambako ilibuniwa katika karne ya 19 kwa ajili ya kutafuta bati. Haikuhitaji injini. Wanaume walisimama juu ya jukwaa lililofungwa kwenye bomba la chuma, wenzao wakazungusha jukwaa hilo, na uzito wao ukalisukuma bomba ardhini huku changarawe ikitolewa kwa ndoo ndefu yenye kifuniko cha chini. Baadaye zilikuja mashine za kupigapiga mwamba kwa patasi nzito, na mashine za kuchoronga matundu mapana.

Kuhusu wingi wa almasi, tundu jembamba halifai, na hesabu rahisi huonyesha kwa nini. Tundu la upana wa sentimita 10 likipita kwenye mita moja ya changarawe hutoa lita nane hivi, sawa na kilo 16. Changarawe ikiwa na karati sita kwa tani 100, na kila jiwe likiwa na wastani wa nusu karati, basi kuna mawe 12 katika tani 100, yaani jiwe moja kwa kila tani nane na ziada. Matundu zaidi ya 500 yangehitajika ili kutarajia jiwe moja. Na kama tundu moja kwa bahati lingeliangukia jiwe hilo, mtafutaji asiyejua hesabu angetangaza utajiri wa kupita kiasi. Dhahabu haina tabia hii kwa ukali huo. Watu walipokimbilia Kakamega baada ya dhahabu kuonekana mwaka 1931, karai moja ya mchanga wa Mto Yala ingeweza kumpa mtu jibu siku hiyo hiyo, kwa kuwa dhahabu husambaa pia kama vumbi, na hata isiyoonekana hupimika maabara. Almasi haiyeyushwi ikapimwa. Ni lazima ionekane.

Dawa yake ni kuchimba sampuli kubwa: mashimo mapana au mitaro inayokata bonde kutoka ukingo hadi ukingo, changarawe yote iliyomo ikatolewa, ikapimwa ujazo wake, na kila mtaro ukaoshwa peke yake bila kuchanganywa na mwingine. Tani 1,000 kwa kiwango kilichotajwa hutoa mawe 120 hivi, idadi inayoanza kuaminika. Mtaro hufika hadi kwenye mwamba wa chini, na mwamba huo husafishwa kwa ufagio na patasi ndogo, kwani mchanga wa mwisho ulionasa kwenye nyufa unaweza kuwa na almasi kuliko mita nzima iliyo juu yake. Kampuni iliyofanya haraka ikaacha nyufa hizo ilipata hesabu ya uongo. Kosa la kinyume lilikuwa kuchagua mahali pazuri tu pa kuchimba. Mwanatakwimu wa Afrika Kusini Herbert Sichel alionyesha jinsi mawe machache makubwa yanavyoweza kupotosha wastani, na akatengeneza hesabu za kukadiria changarawe za aina hii. Bei nayo hudai sampuli yake: kujua thamani ya karati moja ya mahali fulani hudai maelfu ya karati, kwani jiwe moja kubwa lililo safi laweza kuzidi bei ya mamia ya mawe madogo.

Kuosha kwenyewe kulianza na chekeche na karai, mchekechaji akilizungusha chekeche ndani ya maji mpaka mazito yakakusanyika katikati, kisha akaligeuza mezani kwa mkono mmoja. Mtu mzoefu huona almasi papo hapo kwenye kitovu cha rundo. Migodi ya Kimberley ilileta masufuria makubwa yanayozunguka, na mwishoni mwa karne ya 19 mfanyakazi wa huko Fred Kirsten aligundua kwamba almasi hunata kwenye grisi huku mawe mengine yakiteleza na maji. Njia hiyo ilifaa sana kwa mwamba mpya, lakini almasi za changarawe mara nyingi zina utando wa chumvi unaozifanya zilowe, zikapita juu ya grisi pasipo kunata. Sampuli iliyooshwa bila kulizingatia hilo hudharau utajiri wa bonde. Miaka ya baadaye mashine za eksirei, zinazotambua almasi kwa mwanga wake, ziliondoa sehemu ya tatizo hilo.

Mwadui ilipopimwa kwa njia hizi ilionekana kuwa ya ajabu. Changarawe zilizochimbwa kwanza zilikuwa juu na kandokando ya chimbuko lenyewe, na chimbuko hilo ni bomba la kimbalaiti lenye eneo la hekta 146 juu ya ardhi, mojawapo ya makubwa zaidi duniani kati ya yaliyowahi kuchimbwa kwa faida. Lililipuka miaka takriban milioni 50 iliyopita, muda mfupi kwa kipimo cha kimbalaiti, na mmomonyoko umeligusa kidogo tu. Hata mashapo ya ziwa lililokuwa ndani ya kasoko yake bado yapo. Vita ya Pili ya Dunia ilihitaji almasi za viwandani, na mgodi ulikua upesi, ukawa na mji wake wenye uzio, uwanja wa ndege na maelfu ya wafanyakazi. Oktoba 1947 ilitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth kwa harusi yake. Ilipokatwa ilibaki na karati 23.6. Williamson alifariki Januari 1958, na mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi kwa De Beers na serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Mwaka 1994 De Beers ilichukua asilimia 75, na hisa hizo zikahamia Petra Diamonds mwaka 2009.

Utafutaji uliofuata Mwadui ulienea Usukuma nzima na zaidi. Sampuli za udongo zilichukuliwa kwa mistari, vidokezo vikahesabiwa, na kimbalaiti zaidi ya 300 zimegunduliwa nchini Tanzania hadi sasa. Nyingi hazina almasi, au zina chache zisizolipa gharama.

Nje ya uzio, Maganzo na vijiji jirani, wachimbaji wadogo wanaendelea na changarawe ambazo kampuni hazikuzitaka. Hushuka kwenye duara, yaani shimo la mviringo, mpaka wafikie tabaka la mawe, hupandisha mchanga kwa ndoo na kamba, na huuosha kwa chekeche kwenye dimbwi la maji ya mvua. Hawana mashine ya kuchoronga ya kuwaonyesha tabaka liko wapi, wala mtaji wa kuosha tani 1,000 kabla ya kuamua. Kila duara ni sampuli ya kilo chache au tani chache, na likitoka tupu huhamia hatua kadhaa pembeni na kuchimba tena.