Miaka 45 ya Kibeho: Rozari ya Mateso Saba katika nchi iliyoteseka

Novemba 28, 2026 itaangukia Jumamosi, kama ilivyokuwa mwaka 1981, siku ambayo mwanafunzi wa bweni aliyekuwa zamu ya kuwahudumia wenzake mezani alipiga magoti katikati ya bwalo na kuanza kuzungumza na mtu ambaye wengine hawakumwona. Mahujaji wa Bukoba, Mwanza na Dar es Salaam watavuka mpaka wa Rusumo kuelekea Kibeho, kusini mwa Rwanda, rozari shingoni na madumu matupu ya kuchotea maji mkononi. Wengi huenda na mzigo moyoni: ugonjwa uliokataa dawa, ndoa iliyokosa mtoto, kijana aliyezama kwenye pombe.

Wanakwenda kuomba muujiza, na hakuna wa kuwalaumu. Lakini sala ambayo Kibeho ilikabidhiwa haiombi muujiza. Ni Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria, na anayeisali hukaa karibu na mama aliyelia.

Sala hiyo haikuzaliwa Rwanda. Ilikuzwa na shirika la Watumishi wa Maria, lililoanzishwa Florence, Italia, mwaka 1233. Papa Pius VII aliieneza sikukuu ya Mateso Saba kwa Kanisa zima mwaka 1814, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kifungo cha Napoleon, na siku hizi huadhimishwa Septemba 15. Rozari yenyewe ina mafungu saba, kila fungu Baba Yetu moja na Salamu Maria saba: maneno ya mzee Simeoni, safari ya kukimbilia Misri, Yesu kupotea Yerusalemu, mama kukutana na mwanawe njiani kuelekea Kalvari, kifo msalabani, maiti kushushwa, na maziko. Inaishia kaburini, na jiwe la kaburi halijaviringishwa. Anayeizoea rozari ya kawaida, yenye matendo ya furaha na ya utukufu, hushangaa mara ya kwanza kuona mafungu yamekwisha na Pasaka haijafika.

Kibeho iliipokea kupitia msichana ambaye hakuna aliyemtegemea. Kwa sehemu hii nafuata zaidi tamko la Askofu Augustin Misago la mwaka 2001 na vitabu vya Immaculée Ilibagiza, Mnyarwanda aliyezieneza habari za Kibeho kuliko mwandishi mwingine yeyote.

Mtokewa wa kwanza, Alphonsine Mumureke, alikuwa na miaka 16. Alitoka Zaza, mkoa wa Kibungo, upande wa mashariki unaopakana na Tanzania, na wenzake wakasema amekuja na uchawi wa kwao. Bibi aliyemtokea alijitambulisha kuwa Nyina wa Jambo, yaani Mama wa Neno. Shuleni ikawa kicheko. Inasimuliwa kwamba alipokuwa katika hali ile walimchoma sindano na kumsogezea moto waone kama atashtuka. Kinara wa wadhihaki alikuwa Marie Claire Mukangango, msichana mkubwa kwa umri, mwenye mdomo na wafuasi, aliyewaambia wenzake waziwazi kwamba huyu ama ana wazimu ama anaigiza. Januari 12, 1982 mwanafunzi wa pili, Nathalie Mukamazimpaka, akasema naye ameona. Marie Claire hakulegea.

Kisha Jumanne ya Machi 2, 1982 zamu ikawa yake. Aliyewacheka wenzake alianza kuchekwa. Na yeye, wala si yule mpole wa kwanza, ndiye aliyesema ametumwa kufundisha Rozari ya Mateso Saba, isaliwe hasa siku za Jumanne na Ijumaa, kwa moyo wa toba. Alikwenda huku na huko akiifundisha. Alisema ametokewa kwa mara ya mwisho Septemba 15 mwaka huohuo, siku ya Mama wa Mateso. Nasoma habari zake na kuona kwamba kama ni mchezo wa kuigiza, basi waliuchagulia mwigizaji mbaya kabisa.

Kabla ya hapo ilipita Agosti 15, 1982. Watu wapatao 20,000 walikusanyika wakitarajia sherehe ya Kupalizwa Mbinguni. Wakaona wasichana wakilia, wakitetemeka na kuanguka, kwa muda wa saa nane hivi. Walisema wameona mto wa damu, watu wakiuana, maiti zisizo na wa kuzizika, vichwa vilivyokatwa. Umati ulirudi nyumbani na hofu, na miaka ikapita. Askofu wa Butare, Jean-Baptiste Gahamanyi, aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia, akaruhusu ibada ya hadhara mwaka 1988.

Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humo kwa maelfu, na kanisa likachomwa. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 22, 1995, kilima hichohicho kilikuwa kambi ya wakimbizi wa ndani, wengi wao Wahutu, na wanajeshi wa serikali mpya wakawafyatulia risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 338. Askari wa Australia waliokuwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa ni 4,000 au zaidi. Marie Claire mwenyewe aliuawa katika machafuko ya miaka hiyo.

Ilibagiza naye wakati wa mauaji ya kimbari alijificha siku 91 katika choo kidogo cha mchungaji wa Kiprotestanti, pamoja na wanawake wengine saba, mkononi ana rozari aliyopewa na baba yake. Ameeleza kwamba alipofika pale panapohusu kuwasamehe waliotukosea, katika Baba Yetu, alishindwa kutamka akapaacha. Sala ilimfariji na kumsumbua kwa wakati mmoja. Huo ndio ushuhuda ninaouamini kuliko wa miujiza ya maji na ya jua kucheza angani.

Ugomvi mkubwa wa Kibeho ulikuja baadaye, na ulimhusu askofu. Aprili 7, 1999, kumbukumbu ya kitaifa ya mauaji ya kimbari ilifanyika Kibeho, na Rais Pasteur Bizimungu akamshutumu hadharani Askofu Misago wa Gikongoro, naye yupo pale akisikiliza. Wiki moja baadaye askofu alikamatwa. Miongoni mwa mashtaka ni kwamba hakuwaokoa wanafunzi wa Kibeho waliouawa Mei 1994. Mwendesha mashtaka alidai auawe. Askofu alikana yote, na Juni 15, 2000 mahakama mjini Kigali ikamwachia huru, hukumu ambayo si manusura wote waliipokea. Jimboni kwake kulikuwa na ubishi mwingine, kama kanisa la Kibeho libaki kumbukumbu ya waliouawa au lirudi kuwa nyumba ya misa. Likarudi kuwa la misa, na kumbukumbu ikawekwa hapohapo ubavuni.

Ni askofu huyohuyo, aliyekaa gerezani mwaka mzima na zaidi, aliyesimama Juni 29, 2001 kutangaza kwamba Bikira Maria alitokea Kibeho kweli. Aliwatambua watatu tu, Alphonsine, Nathalie na Marie Claire, na kuwaacha wengine, akiwemo kijana Segatashya ambaye hakuwa hata amebatizwa alipoanza kusema amemwona Yesu. Mahali pale pakapewa jina la Mama wa Mateso. Ilikuwa mara ya kwanza kwa askofu Mkatoliki kutambua rasmi kutokewa kwa namna hiyo barani Afrika. Misago alifariki Machi 2012. Alphonsine aliingia utawani, na Nathalie alibaki Kibeho.

Tangu hapo yamejengwa makao ya mahujaji, lami imefika na maduka ya sanamu yameongezeka. Utaratibu wa ziara nyingi unajulikana: misa, maandamano, maji, picha, basi. Kumbukumbu ya waliouawa iko hatua chache tu kutoka mlango wa kanisa, lakini vikundi vingi havipewi muda wa kusimama hapo. Njiani pia basi huvuka mto palepale Rusumo ambapo, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda takriban 250,000 waliingia Tanzania ndani ya saa 24 kukimbilia Benaco, Ngara, na ni nadra kusikia kiongozi wa msafara akilitaja hilo kwenye kipaza sauti. Mtu anayekwenda kufarijiwa kwa Mama wa Mateso anapitishwaje mbali na mateso yenyewe?

Viongozi wa WAWATA (wanawake Wakatoliki), wa Legio ya Maria na wa jumuiya ndogondogo wanaopanga safari ya Novemba hii waongeze saa moja kwenye ratiba. Rozari ya Mateso Saba haimalizi hata saa hiyo, na inaweza kusaliwa mbele ya majina na makaburi ya Kibeho, kwa ajili ya waliokufa mwaka 1994 na waliokufa mwaka 1995.