Kuwamba
Mwenye Peugeot 504 ya zamani akiamua kushona viti upya nyumbani kwake Gashonga, wilayani Rusizi, Rwanda, asiseme anaweka kava. Kava huvishwa juu ya kiti kizima. Yeye anakata pete za waya kwa koleo, anafumua mishono, analaza vipande vikuukuu juu ya ngozi bandia mpya viwe violezo, anakata, anashona, kisha anaianika juani ilegee na kuivuta juu ya sponji mpaka mikunjo yote iishe. Huko ni kuwamba, neno lilelile la ngoma na la kitanda cha kamba. Tunalo, tena zuri mno! Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017. Basi vyuo vya ufundi vya huko vilifundishe neno hili, na kava ibaki kuwa ile inayovuliwa ikafuliwa.