Tairi Moja, la Barabarani na la Mashindano

Ukipita katika maduka ya matairi, iwe ni Kariakoo mjini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, mazungumzo utakayoyasikia ni yale yale: bei, saizi ya ringi, na kama tairi ni jipya au limekwisha kutumika Ulaya ama Japani. Ni mara chache mnunuzi huuliza ile mifereji iliyochongwa usoni mwa tairi ina kazi gani. Na dereva kijana akiambiwa kwamba matairi yake yamekuwa vipara, hukosi kumsikia akijibu kwa mzaha kwamba mbona hata magari ya mashindano hukimbilia vipara. Mzaha huo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayoua watu, na ndiyo iliyonifanya wiki hii niichukue historia ya tairi moja la ajabu kidogo, ambalo wenyewe Wazungu huliita nusu sliki: tairi la kwenda nalo kazini Jumatatu na kushindana nalo Jumapili.

Tuanzie mbali. Tairi la upepo lilivumbuliwa na Mskoti Robert William Thomson, aliyepata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1845, lakini dunia ikamsahau. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Kilichowafanya watu waliamini tairi hilo ni mashindano. Mei 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume aliingia uwanjani Belfast akiwa na matairi ya Dunlop, akawashinda waliokuwa na matairi ya mpira mgumu. Miaka sita baadaye, 1895, ndugu wawili wa Kifaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi, mwendo wa kilometa zipatazo 1,200. Walipata pancha nyingi mno, wakamaliza baada ya muda uliowekwa kupita. Hata hivyo kila mtu aliona kwamba gari linaweza kutembea juu ya upepo.

Tuzingatie jambo moja hapo. Siku zile hapakuwa na tairi la mashindano na tairi la barabarani. Mbio zenyewe zilifanyika barabarani, na tairi lilikuwa ni lile lile.

Tena, matairi ya kwanza yalikuwa vipara! Uso wake ulikuwa laini kama chupa, na rangi yake haikuwa nyeusi, bali nyeupe-nyeupe kama mpira ulivyo kwa asili. Weusi tunaouona leo ulikuja baadaye, viwanda vilipoanza kuchanganya masizi ili mpira usilike haraka. Mwaka 1904 kiwanda cha Continental cha Ujerumani kilitoa tairi la gari lenye uso uliochongwa. Mwaka 1908 Firestone wa Marekani alichora usoni mwa tairi maneno ya Kiingereza ya kulisifu kwamba haliteledi, na herufi zenyewe ndizo zilizokuwa kashata. Lilikuwa tangazo la biashara lililojiandika lenyewe kwenye vumbi la kila barabara.

Na kabla hatujaondoka katika enzi hiyo, mpira huo haukutoka mbinguni. Sehemu yake ilitoka katika misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambako wanakijiji walilazimishwa kuleta utomvu kwa kipimo, na waliopunguza kipimo walipigwa, walichukuliwa mateka na wengine kukatwa mikono. Mambo hayo yaliendelea mpaka fedheha ilipoenea duniani na mfalme akanyang'anywa koloni lake mwaka 1908. Anayesimulia historia ya tairi akaanza na kuishia Belfast na Paris anakuwa ameruka ukurasa wetu.

Turudi kwenye mifereji. Kwa nini tairi lichongwe? Wengi hudhani mifereji ndiyo inayoshika barabara. La hasha. Juu ya lami kavu kinachoshika ni mpira wenyewe, na kadiri mpira mwingi unavyogusa lami ndivyo gari linavyoshika. Sehemu inayogusa chini kwa tairi moja la gari dogo haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Ukichonga mifereji katika kiganja hicho, umepunguza mpira. Zaidi ya hayo, mpira uliokatwakatwa katika kashata ndefu huyumba unapopinda kona kwa kasi. Kashata inajipinda, inapata joto, hatimaye inachanika. Wamarekani wa mbio za mstari mmoja ndio walioanza, katika miaka ya 1950, kutumia matairi yasiyo na mfereji hata mmoja, na mwaka 1971 Firestone akayaingiza katika mbio kubwa za Formula One. Ndiyo sliki hiyo. Hapo tairi la uwanjani na tairi la barabarani yakawa yameachana kabisa.

Ushahidi kwamba sliki inashika kuliko zote ulitolewa na wakubwa wa mchezo wenyewe. Walipotaka kuyapunguza kasi magari ya Formula One, mwaka 1998, waliamuru matairi yachongwe mifereji: mitatu kwa tairi la mbele na minne kwa la nyuma. Haikuwa kwa ajili ya mvua. Ilikuwa kwa ajili ya kuwapunguzia madereva mshiko. Amri hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka 2008, na 2009 sliki zikarejea.

Mvua ndiyo inayogeuza hesabu yote. Maji hayashindiliki. Tairi linapoyakuta barabarani ni lazima yapate pa kwenda, ama pembeni ama ndani ya mifereji. Yakikosa, huingia chini ya tairi na kulinyanyua, gari likaelea kama mtumbwi, na usukani na breki vikawa mapambo. Wataalamu wa shirika la Marekani la anga, NASA, walilichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ndege zilikuwa zikiteleza zinapotua. Wakapata kanuni rahisi ya kutisha: kasi ya kuanza kuelea hutegemea upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa tairi laini lenye upepo wa 30, kama mafundi wetu wa pancha wasemavyo, juu ya maji yaliyotuama, kasi hiyo ni kama kilometa 90 kwa saa. Tairi pana la gari laweza kuelea hata kabla ya hapo. Kilometa 90, msikilizaji, ni mwendo wa kawaida kabisa katika barabara kuu.

Huku kwetu Afrika Mashariki mashindano yalikwenda kinyume na hayo ya sliki. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara hizi hizi za wananchi, kwa magari ya kawaida yaliyouzwa madukani. Mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza, mengine yakiwa yamezama matopeni. Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, hangefika popote na sliki. Penye tope, tairi linatakiwa kuuma ardhi, na kashata kubwa ndiyo meno yake.

Basi nusu sliki imetoka wapi? Imetokana na mifuko ya watu wasio na pesa nyingi, na kanuni za michezo yao. Mapema katika miaka ya 1970 chama cha michezo ya magari cha Marekani, SCCA, kilianzisha mashindano ya magari kama yalivyotoka dukani. Shabaha ilikuwa kumwezesha mtu wa kawaida kushindana bila kujifilisi, na kwa hiyo matairi nayo yalitakiwa yawe yale yanayoruhusiwa barabarani. Lakini penye kanuni pana wajanja. Washindani walinunua matairi mapya kabisa wakayapeleka kwenye mashine kunyolewa, kashata ikabaki fupi ili isiyumbe wala kuchemka. Hebu fikiria: mtu analipa fedha tairi lake jipya lifanywe lililochakaa!

Viwanda viliona soko. Katika miaka ya 1980 kampuni kama BFGoodrich na Yokohama zilianza kutoa matairi yenye mpira laini wa mashindano, mbavu ngumu, na mifereji michache ya kutosha tu kupata muhuri wa serikali. Baadaye Toyo na Michelin nao wakaja na ya kwao. Kisheria hayo ni matairi ya barabarani. Kwa tabia ni ya uwanjani.

Hapa sheria nyingine ya Marekani iliingia bila kukusudia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kila tairi la gari dogo linalouzwa huko hutakiwa kuandikwa ubavuni namba ya uvumilivu wake. Namba 100 ni kipimo cha msingi. Tairi la 200 latazamiwa kudumu mara mbili ya hilo katika njia ya majaribio. Matairi ya familia huwa na 400 na zaidi, na nusu sliki kali huwa na 100 au chini yake. Namba hiyo iliwekwa imsaidie baba mwenye nyumba anunue tairi linalodumu. Wapenda mbio wakaisoma kinyume: ndogo ndiyo nzuri. Nayo mashindano ya watu wa kipato cha chini yakaigeuza kuwa uzio. Mbio za mzaha ziitwazo 24 Hours of LeMons, zilizoanza Marekani mwaka 2006 kwa magari yasiyozidi thamani ya dola 500, zilikataza matairi yenye namba iliyo chini sana ya 200, ili mtu asije na gari la dola 500 lenye matairi ya dola elfu. Sasa viwanda vinashindana kutengeneza tairi la 200 linaloshika kama la 100. Na kwa kuwa namba hiyo huandikwa na kiwanda chenyewe, matairi mawili yenye 200 yanaweza kuwa mbali kama Mwanza na Mtwara.

Nafuu ya kweli ililetwa na Taiwan na Korea. Nankang na Federal za Taiwan, na Kumho ya Korea, zilitoa nusu sliki kwa bei ambayo karani au fundi angeweza kuimudu. Nankang ilifika hata kuuza tairi la sura moja katika michanganyiko miwili ya mpira, 180 na 120, mnunuzi achague mwenyewe: uvumilivu au mshiko. Kwa maoni yangu huo ni uungwana mkubwa katika biashara, kwa sababu unamwambia mteja wazi kwamba hawezi kupata vyote. Anayechukua 120 akaenda nalo kazini kila siku, tairi litakwisha upesi, na lile la bei rahisi litakuwa limemgharimu zaidi kuliko la ghali.

Yapo pia yasiyoonekana kwa macho. Mpira wa nusu sliki hufanya kazi ukipata joto. Asubuhi ya baridi, katika kona ya kwanza, waweza kushika vibaya kuliko tairi la bei ya chini la teksi. Kila unapochemka na kupoa hugeuka kidogo na kuwa mgumu, na umri nao huugeuza hivyo hivyo. Kwa hiyo anayenunua nusu sliki iliyokwisha kutumika atazame ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017.

Na hapa namrudia yule kijana wetu na vipara vyake. Juu ya lami kavu tairi lililokwisha laweza kushika vizuri tu, na ndipo linapomdanganya. Lakini tofauti na sliki, lilizaliwa na mpira mgumu, likachomwa na jua miaka kadhaa, na sasa kati ya upepo na lami umebaki unga wa mpira juu ya nyuzi na waya. Ndani ya mifereji ya kila tairi mna vinundu vidogo. Vikilingana na uso, kina kimebaki milimita 1.6, na nchi nyingi zimeweka mwisho hapo. Tairi jipya la kawaida huanza na kama milimita 8. Nusu sliki huanza na pungufu ya hapo, kwa hiyo hata ikiwa mpya iko karibu zaidi na kipara kuliko mwenye nayo anavyofikiri.

Wajerumani wanalijua hili vizuri. Uwanja wao wa Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927, una njia ya milimani yenye karibu kilometa 21, na siku za wageni mtu yeyote mwenye gari halali la barabarani hulipa kiingilio akaingia. Sliki hairuhusiwi, nusu sliki inaruhusiwa. Lakini njia ni ndefu kiasi kwamba upande mmoja huwa jua na upande wa pili mvua inanyesha. Si ajabu kumkuta pale mtu aliyekuja na gari dogo, viti vya nyuma vimelazwa, na juu yake matairi manne ya kawaida yakiwa kwenye ringi zake pamoja na jeki. Wingu likitokea juu ya mlima, anashuka, anafungua nati.